Jina Nililoweza Kuliita

Kwetu ufukweni mwa ziwa chungu kina bei moja: nafaka inayokijaza. Unataka chungu changu, unakijaza ulezi au mahindi, unanimiminia nafaka, unaondoka nacho. Mimi nilipima mara mbili, mara ya kwanza kwa jicho la mnunuzi, mara ya pili kwa jicho langu, na ile ya pili ilidai chungu kitikiswe kidogo ili nafaka ishuke. Walioniita mchoyo walirudi kununua. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba jina la mtoto wangu halikuchaguliwa na mtu anayegawa vitu ovyo.

Niliolewa bara kidogo, upande wa Ipinda, kwa watu wa migomba na ng'ombe, miaka ile tulipokuwa tumeanza kumzoea Mdachi kama mtu anavyozoea jino bovu. Mume wangu alikuwa mpole, hakunipa kazi. Kazi ilikuwa kwa baba yake. Siwezi kusema mzee alikuwa mbaya, maana sikuwahi kumtazama usoni. Kwa Wanyakyusa, watu wa mume wangu, mkaza mwana hakutani na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake anaingia migombani, anajifunika nguo, anasubiri miguu ipite. Jina lake halitaji, wala neno linalofanana na jina lake. La mzee wetu lilifanana na neno la mvua. Basi mimi miaka yote ile sikunyeshewa na mvua, nilinyeshewa na "yale ya juu". Hata sasa ninapoandika, kalamu inalizunguka jina lile kama mbuzi anavyozunguka kigingi.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kiume, akapewa jina la babu yake. Ni heshima kubwa. Nikashukuru, ndaga, ndaga, kama inavyotakiwa, kisha nikagundua nilichouziwa. Nyumba nzima ilimwita mwanangu isipokuwa mimi. Nilimwita "wewe", nilimwita "mwana", nilimgongea kibuyu atazame. Homa ikamchukua kabla hajatembea vizuri. Kwenye msiba wanawake hulia wakimwita marehemu kwa jina. Shangazi zake wakamwita, hata majirani wasiowahi kumpakata wakamwita. Mimi nikalia "wewe, wewe", kama mtu anayefukuza kuku.

Mimba ya pili ilipoonekana nilikwenda kwa mama mkwe nikamwambia kwamba huyu ana jina tayari, awe wa kike, awe wa kiume.

Jina nilikuwa nimelipata kanisani. Mume wangu alikuwa akifundishwa ubatizo, nami nikikaa nyuma na wanawake. Siku hiyo mwalimu alieleza neno ipyana, yaani neema, kile ambacho Kyala, yaani Mungu, humpa mtu bila kumdai kitu. Nikainua kichwa. Kitu cha bure nilikuwa sijakutana nacho. Hata upepo wa ziwani unaulipia kwa kuumwa na mbu. Nililigeuza neno lile kama ninavyogeuza chungu cha mtu mwingine kabla sijakisifu, nikaligeuza tena, nikakosa ufa. Halikuwa jina la mzee yeyote niliyemjua. Halikusema mume wala mke. Na mdomo wangu ulilitamka bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, Ipyana ni mahali. Wa tatu utamwita Ipinda, wa nne Talatala. Siku tukiwaita wote waje kula, wapita njia watadhani tunawaelekeza."

Alicheka, lakini ujumbe aliupeleka. Baada ya siku kadhaa akarudi na jibu la mzee: akizaliwa wa kike, achukue jina langu hilo la mahali, akizaliwa wa kiume, achukue la babu yake. Mume wangu akasema hiyo ni bei nzuri. Nikamwambia chungu hakiuzwi nusu. Hakunielewa, nami sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba nusu ile ingenifanya niombe nisizae mwana wa kiume, mimi niliyekwisha kumzika mmoja.

Basi mzee akaja mwenyewe.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nikilainisha chungu kibichi kwa jiwe. Kikohozi kikaja, na kwato za ng'ombe. Ilinipasa kukimbia. Nilijifunika nguo kichwani, nikageuka nikampa mgongo, nikaendelea na jiwe langu. Sikumtazama, kwa hiyo sheria sikuivunja. Niliipinda kidogo tu, kama mkono wa chungu.

Alisimama mbali, nyuma ya mgomba, akaanza kuzungumza na ng'ombe wake.

"Ng'ombe wangu, nasikia kuna mtu anatupa jina la wazee kama ganda la ndizi."

Nikamjibu kupitia kilichokuwa mapajani mwangu. "Chungu, mwambie anayesema na ng'ombe kwamba jina la wazee halikutupwa. Lilizikwa."

Mama mkwe alikuwa akitwanga. Mchi ukanyamaza.

"Yule mtoto," mzee akamwambia ng'ombe, "alikuwa na jina zuri kuliko watoto wote wa hapa."

"Alikuwa nalo. Mama yake hakumwita nalo hata siku moja, hata alipokuwa anafukiwa. Chungu, muulize, mtoto asiyeitwa na mama yake anageukia nani?"

Nilisikia ng'ombe akitafuna. Nadhani mzee alikuwa hajawahi kuliwaza jambo lile. Wazee waliijua sheria yetu kutoka upande mmoja tu, upande wa anayekimbiwa.

"Na akiwa wa kiume?" akauliza mwishoni.

"Ipyana."

"Na akiwa wa kike?"

"Ipyana. Bei haishuki kwa kuulizwa mara mbili."

Kikatoka kikohozi, ambacho mpaka leo sina hakika kama kilikuwa kikohozi. "Twende, ng'ombe wangu," akasema, "kabla hajakutaka na wewe." Kwa mzee yule hilo lilikuwa "ndiyo".

Alizaliwa wa kike. Majirani wakanisogelea kunipa pole ya mfanyabiashara: kumbe jina ningelipata kwa ile nusu bila kugombana na wakwe. Niliwaambia kwamba siku ya uchungu sikuomba wa kike wala wa kiume, niliomba mtoto, na kwamba wao hawajui kununua.

Kujua walijua, ila walichelewa. Jina lile halikuwa la baba mkwe wa mtu, kwa hiyo kila mkaza mwana aliweza kulitamka mchana kweupe. Likaanza kwa jirani yangu, likavuka mto, likawapata wavulana na wasichana bila kuchagua. Wazee walisema linaota kama magugu. Karani wa boma alilichukia, maana alilazimika kuuliza kila mara: mume au mke? Nami nilifurahi kumwona akiuliza.

Halafu vita vya Mdachi na Mwingereza vikaja. Tulisikia mizinga upande wa Songwe, tukabeba tulichoweza, tukashika njia ya milimani. Njia ilijaa watu, mbuzi, mikeka. Niliuachia mkono wa binti yangu kidogo tu ili nishike chungu kichwani, na nilipoushusha mkono wangu hakuwapo.

Nikaita jina lake kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Wakageuka watoto watatu, wawili wa kiume, wangu hayumo. Nikahesabu tena, wakawa wanne, wangu bado hayumo. Nikaita tena. Askari mmoja akaniambia ninyamaze. Nikaita tena.

Kutoka kwenye matete mbele yetu sauti ya mzee wetu ikasema, "Ipyana, itika, mama yako anakuita." Na mtoto akaitika.

Nilipiga hatua kumkimbilia, lakini desturi ni desturi. Nikajifunika uso, nikatazama chini, nikakiambia chungu, "Mwambie asimwachie mkono."

Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na askari, kwa hiyo mzee hakuwa na wa kuzungumza naye.

"Nimemshika," akanijibu.