Memori ya Simu ya Mama

Mwaka wa kipaimara changu, mpiga picha alipanda kutoka mjini Morogoro hadi kwenye misheni yetu kule Matombo. Alitupanga mbele ya kanisa, mimi na mama tukiwa safu ya pili, akatupiga. Alipokwenda kula, mzee mmoja wa kwetu akaifungua kamera kwa nyuma ili atuone kabla ya wengine. Mpiga picha aliporudi alishika kichwa.

"Mzee, umeichoma filamu! Watoto wote hawa wameungua!"

Kuna akina mama walioanza kulia kabla hajaeleza kwamba zilizoungua ni picha. Tangu siku ile nilijua jambo moja kuhusu picha, kwamba mwanga unaziua.

Miaka mingi baadaye, mama aliuza pilipili manga vizuri, akanunua simu. Ndio wakati simu za Kichina zilikuwa zimefika kila mahali, hadi kwenye magenge ya ndizi. Ilikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, ilikuwa na kamera, na picha zake zilikaa kwenye memori, kipande cheusi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Baba alikuwa ameshafariki. Mama naye hakukaa na simu ile hata mwaka. Aliumwa wiki mbili, akatuacha watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitindamimba, msichana ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza.

Siku ya kuondoa tanga, ukoo wa mama uligawa vitu vyake kama ilivyo kwetu. Simu ilikwenda kwa mjomba. Nilijua itakwenda kwake, na sikuwa na kinyongo. Lakini alfajiri ile, kabla ndugu hawajakaa mkekani, nilifungua mfuniko wa simu nikachomoa memori. Niliizungushia karatasi nyeusi, nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunika.

Mdogo wangu wa kiume aliomba mara nyingi tuiweke kwenye simu ya rafiki yake.

"Unataka mama aungue?" nilimwambia.

Mwanzoni alinicheka, kisha akanuna, mwisho akaacha kuomba. Alipopata nguvu za kutosha akaenda kufanya kibarua Mzumbe. Mimi shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, nikabaki na shamba na mtoto. Kopo lilikaa darini miaka sita.

Mtoto ndiye aliyenifanya nilishushe. Alipoanza darasa la kwanza aliona kila mwenzake ana mama. Siku moja kisimani akaniita "Mama!" mbele za watu, kwa sauti ya mtu anayejaribu nguo mpya.

"Mimi dada yako," nilimwambia. "Mama yetu alifariki."

"Alikuwaje?"

"Mrefu. Ana mwanya."

Nikatafuta neno lingine, nikalikosa. Yeye aliendelea kuniita mama, na kila alipoita niliona ninachukua kitu cha marehemu ambacho ukoo haukunigawia. Nilitaka amwone mwenyewe, amjue, mimi nibaki dada.

Ndipo sokoni Morogoro, nikiwa nimemaliza kuuza ndizi, nikamkuta mchuuzi ametandaza chaja na makava ya simu juu ya turubai. Kati yake kulikuwa na kidude cha plastiki cha bluu.

"Hiyo rida, dada. Inasoma memori zote."

Ilikuwa bei rahisi, nikainunua. Nikaigeuza huku na huku. "Mbona haina kioo?"

"Kioo cha nini? Unaichomeka kwenye kompyuta. Ulidhani inasoma kwa miwani?"

Wiki iliyofuata nilishuka na mtoto na kopo langu hadi kwenye stashenari moja. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa ushungi. Mtoto akamwamkia shikamoo, nami nikamwomba afunge mlango na kushusha pazia kabla sijafungua karatasi nyeusi.

"Kwani tunaoga?"

Nikamweleza habari za mwanga. Alijikaza, akashindwa, akacheka hadi akakaa. "Dada yangu, hii siyo filamu. Hii ungeweza kuianika pamoja na mpunga."

Nilimfikiria mdogo wangu alivyokuwa akiniomba.

Kompyuta yake ilikuwa boksi kubwa, limewekwa sakafuni chini ya meza. Rida ililegea kwenye tundu. Taa yake nyekundu iliwaka, ikazima, ikawaka. Mwenye stashenari akasoma maandishi kwenye kioo. "Inasema haisomeki. Inauliza iifute, ianze upya?"

"Usibonyeze!" Nilipiga kelele hadi mteja aliyesubiri fotokopi akageuka.

Akaichomoa memori, akaisugua kwa raba ya penseli, akairudisha. "Inasoma ikibanwa. Shuka huko chini uibane kwa kidole. Ukiachia tu, inapotea."

Nikaingia chini ya meza, nikaibana. Mtoto alisimama juu ya stuli, mbele ya kioo.

"Unamwona?" niliuliza.

"Namwona! Kavaa kitenge cha kijani. Kabeba mtoto mgongoni."

Kitenge cha kijani kilikuwa changu.

"Huyo ni mimi. Na huyo mtoto ni wewe."

"Si nilisema?" alijibu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Picha ya pili ilikuwa mimi tena. Ya tatu, vilevile. Kisha mwenye stashenari akafungua video, na mama akasema juu ya kichwa changu, akimwambia mdogo wangu wa kiume aliyekuwa ameshika simu, "Nitoe mie hapo, nimechafuka. Mpige dada yako na mtoto." Akacheka.

Kidole kikateleza. Taa ikazima.

"Kapotea!" mtoto alilia.

Nikaibana tena kwa mikono miwili. Sauti ikarudi, na mtoto akasogeza uso karibu na kioo.

"Kuna mwanamke anamenya ndizi. Ana mwanya."

"Ndiye."

"Anacheka. Mbona wewe humwangalii?"

"Nikiachia atapotea."

Nikasikia stuli ikiburuzwa. Mtoto akatambaa hadi ubavuni kwangu, akaweka kidole chake juu ya changu, akakisukuma.

"Toka. Mimi nitaishika. Wewe kamwangalie mama yako."

Nilitoka, na mwenye stashenari akaianzisha video upya. Mama alikuwa mbele ya jiko letu, kanga imemshuka begani, mikono myeusi kwa utomvu wa ndizi. Aliposema "Nitoe mie hapo," nilijikuta nimejibu kwa sauti, "Hapana, mama." Mwenye stashenari akatazama pembeni.

"Niendelee kushika?" mtoto aliuliza kutoka chini.

"Shika," nilimwambia. "Bado kidogo."