Bi Tatu, mwosha vyuma aliyefungua giaboksi "isiyofunguliwa"

Saa tatu asubuhi, Bi Tatu anamimina oili nyeusi juu ya kitambaa cheupe. Haangalii gari. Hamwangalii hata mwenye gari, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyesimama mlangoni mwa karakana akiwa amekumbatia mkoba wake kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Macho yote yako kwenye kitambaa.

Oili inachujika taratibu. Zinabaki chembe za rangi ya dhahabu, laini kama unga. Anazisugua kwa kidole gumba, anazinusa, kisha anainua kichwa.

"Mwalimu, ukiingiza gia ya pili asubuhi, inakataa kidogo, eti?"

"Inakataa. Lakini mbona mimi sijakuambia hilo?"

"Hii ni shaba. Ni zile pete zinazoifanya gia iingie bila kishindo. Zimelika. Ingekuwa chuma cheupe chenye ncha, ningekwambia uketi kwanza."

Mwalimu anacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Gari lake la michezo, la milango miwili, lina umri wa miaka thelathini na moja. Ijumaa litakuwa barabarani.

Hii ndiyo kazi ya mwanamke huyu wa miaka hamsini na mbili. Anatengeneza giaboksi, ule mtambo unaotoa nguvu kwenye injini na kuzipeleka kwenye magurudumu. Hagusi breki, hagusi rangi. Ukimpelekea gari linalochemsha maji, atakuelekeza kwa jirani na kurudi kwenye meza yake.

Mumewe ni fundi cherehani mwenye chumba upande wa mbele wa jengo hilohilo. Mtu akiita "Fundi!" getini, wanaitika wawili. "Kuna bwana mmoja aliniletea suruali," anasema Bi Tatu. "Nikamwambia, hii nikiishika mimi utarudi nayo ikinuka dizeli."

Miezi mitatu iliyopita watu wa mbio za magari walimjua wachache tu. Leo simu yake haitulii, na sababu ni giaboksi moja ambayo wakala mkubwa wa magari alisema haifunguliki.

Aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na minne, katika karakana kubwa iliyohudumia magari ya mbio. Aliajiriwa kuosha vyuma. Kwa miaka sita alikaa uani na beseni la mafuta ya taa na brashi, akisafisha vipande vya giaboksi zilizovunjika. Spana hakupewa.

"Mafundi walikuwa wanaona gari likiingia na gari likitoka," anasimulia. "Mimi nilikuwa naona kilicholiua. Jino limemeguka ncha, beringi imebadilika rangi kwa joto, shafti imejipinda. Nikawa nachora kila kitu kwenye daftari la shule. Nilimaliza madaftari tisa."

Siku moja likaletwa gari la dereva mashuhuri. Kila akiondoa mguu kwenye mafuta, gia ya tatu ilichomoka yenyewe. Fundi mkuu alikuwa ameifungua giaboksi ile na kuifunga mara tatu, na mara zote tatu gari lilirudi na kasoro ileile. Dereva alikuwa amefura kwa hasira.

Mwosha vyuma akasema, mikono ikiwa ndani ya beseni, "Uma wa gia ya tatu umepinda."

"Osha," akajibu fundi mkuu bila kugeuka.

"Hebu mwache aseme," akasema dereva. "Nyinyi mmesema mara tatu."

Uma ni kipande cha chuma chenye ncha mbili kinachosukuma gia mahali pake. Waliulaza juu ya kioo cha dirisha. Ulitakiwa utulie, lakini ukacheza kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Upindo wenyewe ulikuwa mdogo kuliko unene wa ukucha. Wakaweka uma mwingine, na gia haikuchomoka tena.

Tangu siku hiyo wakamwita Tatu. Wengi hudhani ni jina alilopewa na wazazi wake, naye hajisumbui kuwasahihisha.

Kesho yake fundi mkuu alimvutia kiti mezani kwake. "Hakuniomba radhi," anasema. "Alinipa spana namba kumi na tatu. Kwa yule mzee, radhi ndiyo hiyo."

Alifanya kazi mezani pale mpaka mzee alipostaafu na karakana kufungwa. Kisha akafungua yake. Magari ya michezo ya enzi zile aliyajua kama anavyojua vyumba vya nyumba yake. Wanaosifu kila cha zamani hawamfurahishi.

"Watu wanapenda kusema gari la zamani halifi. Lilikuwa linakufa sana tu! Mimi ndiye niliyeosha maiti. Dereva akikosea gia mara moja akiwa kasi, meno yanasagika. Giaboksi za siku hizi zinabeba nguvu maradufu na hazichoki, maana mashine haikosei gia. Ubaya wake ni mmoja. Ikiugua, kila mtu anaiogopa."

Yeye mwenyewe aliwahi kuiogopa, na kwa haki. Miaka tisa iliyopita aliletewa giaboksi yake ya kwanza ya kisasa, ya klachi mbili. Aliifungua, akabadilisha vilivyochakaa, akapanga kila kipande mahali pake. Gari halikusogea hata unyayo mmoja.

Hakujua kwamba giaboksi hiyo ina kompyuta, na kwamba kompyuta ikishafunguliwa lazima ifundishwe upya ni wapi klachi inaanza kushika. Mwenye gari alilifunga kamba na kulivuta barabarani huku majirani wakitazama. Habari zikaenea. Kutoka giaboksi tisa kwa mwezi, akabaki na mbili.

"Nililia," anasema bila kificho. "Nikamwambia baba watoto nafunga. Akaniangalia juu ya miwani, akasema, 'Mke wangu, cherehani ya umeme ilinishinda wiki mbili nzima. Uliniona nikiitupa?'"

Akiwa na miaka arobaini na mitano akajiandikisha chuo cha ufundi kusomea umeme wa magari, kila Jumanne na Alhamisi mchana. Alikuwa na wanafunzi wenzake waliomwita Bibi. "Mwalimu mwenyewe alikuwa mdogo kuliko viatu vyangu," anatania. Alikaa dawati la mbele kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja na ikiteleza kila alipoinama. Baada ya miaka miwili alimaliza akiwa wa pili darasani, na wale waliomwita Bibi wakawa wanampigia simu kuuliza maswali.

Ikapita miaka mitano, ndipo akaja Daktari.

Daktari ni daktari wa meno, mama wa watoto wawili, na siku za mapumziko ni dereva wa mbio. Gari lake la kisasa lina giaboksi ya klachi mbili: moja inashughulikia gia za witiri, nyingine za shufwa. Likiwa baridi lilikwenda kama upepo. Baada ya dakika ishirini za mwendo mkali, gia ya pili, ya nne na ya sita zilipotea zote kwa pamoja.

Wakala alisema dawa ni giaboksi mpya nzima, kwa karibu nusu ya bei ya gari. Ile ya zamani, akasema, imefungwa kiwandani na haifunguliki. Mbio za saa sita zilikuwa zimebaki wiki tano. Daktari alikuwa amefika mahali pa kuliuza gari na kuachana na mbio kabisa.

"Mimi na wewe kazi yetu moja," alimwambia Bi Tatu siku ya kwanza. "Sote tunaangalia meno."

"Ila yangu hayapigi kelele yakiguswa," akajibu Bi Tatu. Kisha akawa makini. "Daktari, nikuambie ukweli. Mara ya kwanza kufungua kitu kama hiki nilishindwa mbele za watu. Nikiifungua hii nikashindwa, hakuna mwingine atakayeipokea."

"Na usipoifungua?"

"Itatupwa."

"Basi fungua."

Ndani, meno yote yalikuwa yaking'aa, baada ya kilomita tisini elfu za kukimbizwa. Hakuna lililomeguka, hakuna lililolika. "Nilishika ile gia ya nne nikaigeuzageuza," anasema. "Kazi safi. Sijawahi kuona chuma kizuri vile. Nikajiuliza, hiki ndicho wanataka kitupwe?"

Kilichomshtua ni oili, iliyokuwa imeungua na kunuka. Kitabu cha gari kilisema ni oili ya maisha, haibadilishwi. "Maisha ya nani?" anauliza huku akicheka. "Ya oili au ya gari?"

Kama chuma kilikuwa kizima, mgonjwa alikuwa kwingine. Alipima nyaya moja baada ya nyingine na zote zikaonekana nzima. Siku ya nne akakumbuka kwamba anazipima zikiwa baridi, ilhali ugonjwa huja na joto.

Akachukua kile kidude kidogo kinachoiambia kompyuta kasi ya shafti, mhimili wa gia za shufwa, akakitumbukiza ndani ya sufuria ya oili safi, akawasha jiko la gesi. Kwenye oili akaweka kipimajoto, kwenye nyaya mita ya umeme. Akampigia simu Daktari, aliyefika akiwa bado na koti jeupe la kazini.

Nyuzi sitini, namba kwenye mita ilisimama imara. Sabini, themanini, ikasimama. Ilipofika tisini na mbili, namba ikapotea.

Wakazima jiko. Kidude kikapoa, namba ikarudi. Wakachemsha tena, ikapotea tena. Walirudia mara nne, wanawake wawili wameinamia sufuria.

"Ni jino lililopasuka ndani," Daktari akanong'ona. "Ukilipiga picha huoni kitu. Mgonjwa akinywa chai ya moto, anaruka."

"Umesema vizuri kuliko chuo changu," akasema Bi Tatu.

Waya mmoja wa kidude kile ulikuwa umepasuka kwenye maungio, ufa mwembamba kuliko unywele, ukipanuka kila ulipopata joto. Aliuchomelea upya, akaufunika, akaweka oili mpya na chujio jipya, akafunga giaboksi. Safari hii aliifundisha kompyuta kila klachi inaposhikia, hatua kwa hatua, na cheti chake cha chuo kikimtazama kutoka ukutani. Gari likaondoka karakanani kwa nguvu zake lenyewe. Mumewe alitoka na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akapiga makofi.

Lakini kuondoka karakanani ni jambo moja, na saa sita za mbio ni jambo jingine.

Siku yenyewe magari ishirini na matatu yalipangwa kwenye uwanja wa ndege usiotumika tena. Daktari alikuwa akipokezana usukani na mdogo wake wa kike.  Dakika ya ishirini Bi Tatu akakivaa kile chombo cha kusikilizia mawasiliano ya dereva, akakibana masikioni kwa mikono miwili.

"Ya pili ipo," sauti ya Daktari ikasema. Mngurumo. "Ya nne ipo." Mngurumo mrefu zaidi. "Ya sita ipo! Bi Tatu, ipo!"

"Nilitaka kumwambia kitu cha kifundi," anakumbuka. "Nikasema tu, 'Kanyaga, mwanangu.'"

Kwa saa nne aliyeongoza alikuwa dereva mzoefu mwenye gari la zamani la gia za mkono. Aliliendesha kwa ustadi uliowasimamisha watu vitini. Kisha uchovu ukamwingia mkononi. Katika kona moja giaboksi yake ilitoa mlio wa kusagika. "Ya tatu hiyo," akasema Bi Tatu kabla gari halijasimama, na uso wake haukuwa na furaha. Jioni alimwendea dereva yule na kumwambia alete giaboksi, meno ya gia hiyo yanapatikana.

Gari la Daktari halikupoteza gia hata moja. Lilimaliza mizunguko mia moja themanini na saba, likashika nafasi ya kwanza, mizunguko miwili mbele ya lililofuata. Daktari alipotoka ndani ya gari hakukimbilia kikombe. Alivuka uwanja na kofia yake ngumu kichwani, akamwinua Bi Tatu juu, mwenyewe akipiga kelele kwamba ana mgongo mbovu.

Msimamizi wa karakana ya wakala alikuwepo. Aliuliza ni nani aliyewauzia giaboksi mpya. Alipoambiwa ni ileile, alimpa Bi Tatu mkono. Wiki mbili baadaye alimletea giaboksi tatu, za aina ileile, ambazo zilikuwa zikisubiri kutupwa. Mbili tayari zinafanya kazi. Kwa sasa Bi Tatu anapokea kumi na moja kwa mwezi, na zaidi ya nusu ni za kisasa.

Daktari pia huendesha gari la zamani la baba yake, na hofu yake kwa gari jipya ni ya aina nyingine. "Lile la zamani nikikosea linaniambia papo hapo, kwa mguu na kwa kiganja," anasema. "Hili jipya linanifichia makosa. Nashinda nalo, lakini nikishuka huwa najiuliza, nimeendesha vizuri mimi, au limeendesha lenyewe?"

Bi Tatu anatikisa kichwa akisikia hivyo. "Lile la zamani unalisikia kwa mkono. Hili jipya unalisikia kwa kichwa, mapema, kabla ya kona. Kazi ipo pande zote mbili."

Nyuma ya karakana, chini ya turubai la bluu, lipo gari ambalo bado halijapakwa rangi. Ni lake. Amelijenga kwa miaka mitatu, na giaboksi yake ni ya mikono yake mwenyewe: gia tano za kuingiza kwa mkono kama zamani, meno yamechongwa kwa chuma kigumu cha siku hizi. Mwezi ujao anaanza mafunzo ya udereva wa mbio, na ameshajiandikisha kushindana mwakani katika daraja la wanaoanza.

Namuuliza kama anakwenda kujifurahisha tu, kwa umri wake.

Anaweka spana chini. "Miaka ishirini na miwili natengeneza gia, waingize wengine," anasema. "Sasa zamu yangu. Na nani kakwambia nakwenda kujifurahisha? Nakwenda kushinda."