Mara Tatu, Kisha Tena Mara Tatu

Benadetha alikuwa na chuki moja tu Marekani nzima, nayo ilikuwa na jina: Mugo. Baridi alishaizoea. Foleni ya Springfield, pale barabara kuu zinapopandiana, aliilaani kila asubuhi na kuisahau kila jioni. Mugo hakusahaulika, maana ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

Kabla ya kuja huku, Benadetha alikuwa fundi wa mitambo ya faiba Dar es Salaam kwa miaka kumi na mmoja. Vyeti vyake vyote vilimpatia kazi ya kuogesha wazee huko Temple Hills, miaka mitatu mizima. Hakuionea haya. Ila alikuwa akiwageuza wazee wa watu kitandani huku akihesabu kichwani kasi za laini, asije akazisahau. Mwishowe kampuni ndogo ya kutunza mitambo ikampa mkataba wa miaka miwili, pamoja na bima ya afya iliyomtibu binti yake Anitha pumu.

Taabu ikawa majina. Laini ya megabiti mia sita ishirini na mbili kwa sekunde, ambayo Dar huitwa STM-4, hapa wanaiita OC-12. Kasi ni ileile. Unachukua namba ya kwetu, unazidisha kwa tatu, umemaliza. Mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Lakini siku ya kwanza, mbele ya Wamarekani, ulimi ulimponyoka akasema STM, na Mugo akacheka mpaka akashika meza.

"Hizo STM zako uziache Dar," alimwambia. "Huku tuko serious." Kisha akawageukia wenzake, akawaapia kwamba yeye hajawahi kusikia kitu kama hicho.

Mwongo mkubwa. Mugo alisomea ufundi Nairobi, na Nairobi wanatumia STM kama Dar. Benadetha alilijua hilo, lakini mkataba aliuhitaji, akaendelea kuandika OC kwa miaka miwili.

Zikiwa zimebaki siku chache mkataba uishe, kadi ya laini ya kliniki moja ya Adelphi, kile kibao cha saketi kinachotuma na kupokea data, iliungua. Mitambo ya kliniki hiyo ni ya kizamani na michoro yake ilitoka Ulaya, wanakotumia majina kama ya Dar, kwa hiyo imeandikwa STM-4. Benadetha akazidisha kwa tatu, akajaza fomu ya kuagiza kadi mpya: OC-12. Fomu ikapita kwa Mugo, kama zilivyopita fomu zote. Na ajira ya kudumu ya Benadetha nayo ilisubiri saini ya huyohuyo, kabla mkataba haujaisha Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumapili asubuhi, kliniki ikiwa imefungwa, wawili hao walikwenda Adelphi kufunga kadi. Benadetha akafungua boksi, akasoma lebo: OC-48.

"Hii siyo," alisema. "Hii ni gigabiti mbili na nusu. Upande wa pili unatuma megabiti mia sita. Hazitaelewana."

"Wacha story. Weka tu."

Akaiweka. Taa ikawaka nyekundu, ikabaki nyekundu. Mugo akatoa simu, akampigia bosi wao Mmarekani, akamweleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba Benadetha hajui kubadilisha vipimo, kwamba yeye alishaonya, na kwamba pengine kuogesha wazee ndiko kulikomfaa. Aliyasema hayo Benadetha akiwa hatua mbili kutoka kwake. Nyani haoni kundule.

Kwa hasira Benadetha aliiacha kadi mtamboni. Alifungua kompyuta, akaitafuta ile fomu, na Mugo alipokata simu akamgeuzia kioo. Jumatano: OC-12, Benadetha. Alhamisi saa kumi jioni: OC-48, Mugo.

"Nani alikwambia ubadilishe?"

Mugo aliitazama. "Nilijua tu umeandika STM ukaiita OC. Si ndivyo wewe hukosea?"

"STM-12 haipo duniani, kaka Mugo. Kuna moja, nne, kumi na sita, sitini na nne. Unazijua."

"Sasa, nilipiga times three, ikakuja thirty-six. Kadi ya thirty-six hakuna, nikachukua ile iko next."

Ndivyo alivyojianika. Mtu asiyewahi kusikia STM aliizidisha kwa tatu bila kalamu, juu ya namba iliyokwisha kuzidishwa. Nadhani hata yeye alijishtukia, maana sauti ilimlainika ghafla.

"Dada, sisi ni watu wa nyumbani. Hawa wazungu wakituona tunapigana, watatucheka wote." Akatoa kwenye begi fomu ya ajira ya kudumu, akaiweka juu ya boksi. "Kwa ripoti andika ni wewe ulikosea. Line moja tu. Mimi nasaini hapa hapa."

Miaka miwili hakuwahi kumwita dada. Na tusidanganyane, Benadetha aliitamani ile saini. Alimfikiria Anitha na dawa yake ya kuvuta, akaitazama kalamu ya Mugo iliyokwisha kufunguliwa. Kisha akaandika ripoti amesimama: kwamba yeye aliagiza OC-12, na kwamba msimamizi aliizidisha tena kwa tatu akidhani ni STM, kipimo anachokifahamu tangu Nairobi. Akaambatisha ile fomu ya kadi, akamtumia bosi huku Mugo akimwangalia.

"Umejimaliza," Mugo alisema, akiirudisha fomu kwenye begi bila saini.

"Najua."

Akachomoa kadi, akairudisha kwenye boksi, akamsukumia kifuani. "Beba mwenyewe. Uliiagiza wewe."

Akatangulia kutoka. Alijua kwamba hata bosi akiiamini ripoti, bila saini ile Ijumaa hatakuwa na kazi wala bima, na hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo.