Gari la Buluu la Verlin Tackett

Kwa miaka kumi na minne Verlin Tackett alisimama mbele ya mashine ya kukandamiza mabati ya milango ya magari, katika kiwanda kimoja cha Saginaw, Michigan. Mashine hiyo ilimnyofoa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, naye akarudi kazini wiki iliyofuata. Hakuwa mtu wa baa wala wa kanisa. Ugonjwa wake ulikuwa magari, na si magari yote, bali yale ya injini kubwa za silinda nane yaliyotengenezwa alipokuwa kijana, yanayonguruma hata yakiwa yamesimama.

Mwaka 1974 petroli ilipopanda na watu wakaanza kupanga foleni vituoni tangu alfajiri, wenye magari hayo waliyatazama kama mgeni mlafi asiyetaka kuondoka. Verlin akapita akiyaokota. Pontiac ya mwaka sitini na sita aliipata kwa mjane aliyefuga kuku ndani yake. Dodge nyekundu aliivuta kutoka shamba la mahindi, mti mdogo umeota kwenye injini. Nyumbani alijenga banda refu la mbao na bati, na kufikia mwaka 1980 lilikuwa na magari sita, kila moja limefunikwa turubai.

Arlene, mkewe, aliyepika katika shule ya msingi, alikuwa akisimama mlangoni pa banda na kikombe cha kahawa.

"Na mimi nifunike turubai basi," alimwambia siku moja. "Labda utakuwa unanifunua kila Jumapili unitazame."

"Wewe huna kutu, mke wangu."

"Ngoja tu. Inakuja."

Alilolipenda kuliko yote lilikuwa Chevelle la buluu la mwaka sabini, lenye mistari miwili myeupe juu ya boneti. Injini yake aliifungua na kuifunga mara tatu, si kwa sababu lilikuwa bovu, bali kwa raha ya kuisikia ikiwaka tena.

Mwaka 1983 kiwanda kilifunga mlango. Verlin alikaa miezi mitano bila kazi, kisha magari yakaanza kutoka bandani moja moja. Kila mnunuzi alipoondoka, yeye alibaki barabarani mpaka sauti ikapotea, halafu akaingia ndani. Chevelle lilibaki la mwisho.

Gari hilo lilikuwa na kasoro, na Verlin aliijua. Majira ya baridi yaliyotangulia, bomba moja la breki lilioza kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Badala ya kununua jipya, alifungua la zamani kutoka kwenye gari la skrepa akalifunga. Tangu hapo, ukikanyaga breki kwa nguvu gari lilivuta kushoto, na mara moja moja pedali ilizama mpaka chini kabla ya kushika. Alijiambia angelirekebisha. Kisha akapoteza kazi, na gari likakaa.

Aliyekuja kulinunua alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, Lonnie Rennaker, aliyetoka Fort Wayne, Indiana, kwa basi. Alilizunguka gari akiligusa kwa ncha za vidole, kama anayeogopa kuliamsha.

"Lina shida yoyote, bwana?"

Verlin alifungua mdomo. Jikoni, kupitia dirisha, alimwona Arlene amekaa mezani na mikono kichwani.

"Shida yake," alisema, "linakimbia kuliko akili ya dereva."

Wakacheka wote wawili. Kijana akaondoka na gari, akipiga honi mpaka kwenye kona.

Baadaye Verlin alipata kazi ya kuangalia boila katika hospitali, maisha yakanyooka kidogo. Alinunua tena magari mawili, lakini hayakumkaa moyoni. Miaka ikapita, na yale aliyoyauza yakageuka kuwa vitu vya matajiri. Kila kiangazi alikwenda kwenye maonyesho ya magari na rafiki yake Gus Wojtal, aliyefanya kazi naye kiwandani, na kila walipopita mbele ya gari lililong'arishwa Verlin alisimama na kuguna.

"Nilikuwa nalo hilo."

"Kila gari hapa ulikuwa nalo," Gus alimwambia. "Na lile trela la kuuzia soseji? Nalo uliliuza?"

"Cheka tu. Lile la buluu, Gus, kuliuza lile ni kama nilijikata mguu."

"Miaka ishirini nasikia habari za mguu wako. Litafute basi, au ninyamazie!"

Akalitafuta. Karatasi yenye namba ya chasisi alikuwa ameihifadhi, na Gus akamsaidia kuandika tangazo katika jarida la watu wa magari ya zamani. Walitangaza miaka miwili. Mwezi Oktoba 2009 ikaja barua fupi, mwandiko umetetemeka: Gari unalolitafuta liko kwangu. Njoo mchana. Wilma Rennaker.

Jina la ukoo alilitambua. Akadhani ni mke wa yule kijana.

Aliazima trela la Gus. Arlene akamfungia mikate ya nyama kwenye karatasi.

"Ukilipata utatulia?" aliuliza.

"Nikilipata nitatulia."

Aliendesha kwa muda wa karibu saa nne kuelekea Indiana. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mkongwe, mwembamba, aliyevaa aproni. Hakumkaribisha ndani. Alimtangulia kwenda kwenye ghala la nyuma ya nyumba, akashika ncha ya turubai, akaivuta.

Kuanzia milango kwenda nyuma lilikuwa gari lake, buluu ileile chini ya vumbi. Mbele hapakuwa na kitu. Boneti ilikuwa imekunjwa mpaka kwenye kioo, na usukani umeingia kwenye kiti.

"Siku kumi na moja," Bibi Rennaker alisema. "Mwanangu alikuwa nalo siku kumi na moja."

Verlin aliinama kuutazama usukani.

"Sikukuita kwa ubaya. Nilitaka kumwona mtu aliyemuuzia. Nilifikiri labda alikwambia neno siku ile. Alikuwa na furaha?"

"Alikuwa na furaha sana, mama. Alipiga honi mpaka kwenye kona."

Yule mama akatikisa kichwa taratibu. "Polisi walisema alikimbia kama kichaa, akahamia upande wa pili na kulivaa lori la nafaka. Baba yake aliwaamini. Aliniambia tumezaa mpumbavu. Mpaka leo hajakanyaga kaburini kwake."

"Alihamia upande gani?" Verlin aliuliza, ingawa alijua.

"Kushoto. Kwa nini?"

Hapo angeweza kunyamaza. Alikuwa na miaka sitini na mitano, trela lilikuwa limeelekea barabarani, na hakuna mtu duniani aliyejua ila yeye. Akavua kofia, akasema yote: bomba la skrepa, pedali iliyozama, swali la kijana na jibu alilompa.

Bibi Rennaker hakulia wala hakupiga kelele. Alirudisha turubai juu ya gari.

"Njoo ndani," alisema mwishowe. "Utamwambia Clarence, baba yake, kwa mdomo wako."

Mzee Clarence alilala kwenye kitanda kilichowekwa karibu na jiko, mirija ya hewa puani. Verlin alisimama miguuni pake akasema tena, safari hii kwa shida zaidi, maana mzee hakumwondolea macho hata mara moja.

"Rudia," mzee alisema.

Akarudia.

"Kwa hiyo mtoto alikanyaga breki?"

"Nadhani alikanyaga, bwana. Nadhani alikanyaga kwa nguvu zake zote."

Uso wa mzee ukakunjamana, na mkono wake ukaanza kupapasa shuka. "Toka," alisema. "Toka nyumbani kwangu."

Verlin alirudi Saginaw na trela tupu. Arlene alipomuuliza, alimsimulia yote mezani, bila kujitetea. Mkewe akaondoka akaenda kukaa chumbani, na kwa siku kadhaa walizungumza mambo ya chumvi na kuni tu. Mwishowe alimwambia, "Mimi nilikuwa jikoni siku ile. Nilikuwa naomba Mungu yule kijana alinunue." Hawakulirudia tena.

Maonyesho ya magari aliacha. Gus alipita kumchukua mara mbili, mara ya tatu hakupita.

Mwezi Aprili simu ililia. Alikuwa Bibi Rennaker.

"Clarence amefariki," alisema. "Wiki mbili kabla ya hapo alitaka apelekwe kaburini kwa Lonnie. Tukambeba na kiti chake. Alikaa pale mpaka akapata baridi, na baridi hiyo ndiyo iliyomwua."

"Pole sana, mama."

"Sikukupigia kukushukuru. Na kusamehe sijasamehe, sijui kama nitaweza. Nimeona tu ujue kwamba alikwenda."

Simu ikakatwa. Verlin alibaki ameishika sikioni, na Arlene aliyekuwa akimenya viazi akaacha kisu, akaja akaitoa mkononi mwake, akairudisha mahali pake.