Nilipima Kostiki kwa Uzito, Mtoto wa Jirani Akaungua

Kosa ni langu, na nilijua ni langu tangu wakati ule. Nasema hapa gazetini kwa sababu hakuna anayeuona uso wangu. Mpaka leo, na utu uzima huu, mtoto mchanga akilia wakati wa kuogeshwa mimi hutoka nje.

Zilikuwa enzi za Ujamaa, miaka ile sabuni ilipoadimika mpaka watu wakafulia majani ya mpapai. Nilikuwa msichana wa kidato cha nne, nasoma sayansi, nakaa na kaka yangu kwenye nyumba ya kupanga Kariakoo. Sisi ni watu wa Kilimanjaro, na kaka alinisifia kila mlango. Basi nikajitia kutengeneza sabuni. Mafuta ya nazi yalipatikana, na fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani, aliyesafisha vyuma vyenye grisi, akanipa kopo la potashi, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Sabuni ikatoka laini kama uji mzito, lakini ilitoa povu. Nyumba nzima ikaniita Daktari.

Potashi ikaisha. Safari hii fundi akanipa kostiki soda. "Chukua hii, mdogo wangu. Kazi yake ni ile ile," akaniambia. Nami nikapima uzito ule ule, kwa mafuta yale yale.

Jamani, hapo ndipo nilipoharibu, na nilikuwa nimeshafundishwa. Mwalimu alituambia kemia haihesabu kilo, inahesabu chembe, na chembe zinahesabiwa kwa moli. Nendeni soko la samaki la Feri, alisema, mnunue kilo ya dagaa na kilo ya changu, kisha mhesabu vichwa. Moli moja ya potashi ni gramu hamsini na sita. Ya kostiki soda ni gramu arobaini tu, na idadi ya chembe ni sawa. Kwa hiyo katika uzito ule ule nilitia chembe nyingi mno, mafuta yakashindwa kuzimaliza. Zilizobaki zilikaa ndani ya sabuni, na zinachoma.

Swali kama hilo darasani nililijibu sawasawa. Lakini sabuni ilipoganda ngumu, nyeupe, kama ya dukani, kichwa kikavimba na hesabu sikupiga. Kipande cha kwanza nikampelekea Mama Rehema, mpangaji wa chumba cha pili, mtu wa Mtwara, aliyekuwa ndiyo kwanza amejifungua huyo Rehema.

Kesho yake mtoto alikuwa mwekundu mapajani na shingoni.

"Joto hilo," alisema bibi mwenye nyumba. "Mwogeshe mara kwa mara, na sabuni usimnyime."

Mama Rehema akatii. Mimi nimesimama mlangoni, nagawanya hamsini na sita kwa arobaini kichwani, na jibu likaja: chembe karibu mara moja na nusu.

Sikusema. Niliogopa, ndugu yangu. Siku hizo mtu akikutwa na katoni ya sabuni uvunguni anachukuliwa kwa uhujumu uchumi, na balozi wetu wa nyumba kumi hakuwa mtu wa kufichwa kitu. Angeuliza kostiki imetoka wapi. Fundi angekwenda ndani, kaka angekwenda ndani, na mimi shule ndiyo basi. Nikajipa moyo kwamba labda ni joto kweli. Huku mtoto anaogeshwa asubuhi, mchana na jioni, na kila akilia mimi najifunika kanga kichwani.

Malengelenge yalipopasuka ndipo nilipotoka mbio nikampokonya ile sabuni.

"Usimpake tena, dada."

"Kwani ina nini?"

"Imeharibika tu, haitoi povu vizuri."

Nikaishia hapo. Vipande vilivyobaki nikavitumbukiza chooni.

Hospitali wakasema mtoto ameungua. Mume wa Mama Rehema aliporudi kutoka kazini bandarini, akamsimamisha mkewe uani mbele yetu sote.

"Umemwogesha mwanangu maji ya moto?"

"Hapana, mume wangu."

"Sasa kaungua na nini?"

Mama Rehema akatutazama mmoja mmoja, anatafuta wa kumtetea. Mimi jibu nilikuwa nalo mpaka namba zake. Nikainama. Akasema taratibu, "Labda yalikuwa ya moto. Labda sikuyapima vizuri."

Haukupita muda akapewa talaka, akarudi kwao Mtwara na mtoto mwenye kovu shingoni. Balozi niliyemwogopa hakuja kuniuliza chochote.

Nyie mnaopikia sabuni uani, na najua mko wengi, msibadilishe dawa kwa kutazama mizani peke yake, pigeni hesabu ya chembe kwanza. Na ukikosea, sema mapema, mtoto angali na wekundu tu. Usingoje woga uishe. Wangu haujaisha.

Mama Rehema, kama uko hai na gazeti hili linafika huko, maji yalikuwa vuguvugu. Siku ile ya kwanza mimi ndiye niliyekuchanganyia.