Mke wangu alitaka mbwa wetu atolewe kizazi, mimi nikampeleka kwa dume

Wakuu, kwema?

Hii sio chai, yamenikuta kweli. Kuna mtu humu anaweza kunitambua, na akinitambua basi, nimeyataka mwenyewe. Nichaneni makavu, ila mfike chini kwanza.

Mimi ni Mgogo, kwetu ni upande wa Mtera. Naishi hapa Dodoma mjini na mke wangu, nimwite Janeth. Yeye alihamia huku ofisi yao ilipohamia, tukakutana, tukaoana. Hatujabahatika kupata mtoto. Hilo liwekeni pembeni, nitalirudia.

Tuna mbwa mdogo jike, wale wa manyoya wanaolala ndani. Ana rangi ya karanga iliyokaangwa, ndiyo maana Janeth akamwita Karanga. Aliachiwa na mfanyakazi mwenzake aliyehamishwa.

Mwanzoni nilibisha sana. Kwetu mbwa analinda ng'ombe, halali kwenye zulia. Lakini kila nikitoka kazini nakuta amekaa getini ananisubiri, mkia unacheza mpaka kiuno. Nikalegea.

Sasa mnajua mitaani kwetu mtu anaitwa kwa jina la mtoto wake. Sisi hatuna. Basi mama mmoja muuza mboga, mtu wa utani, akaanza kumwita Janeth "Mama Karanga". Janeth akacheka, akaitika, jina likashika. Mimi nikawa Baba Karanga.

Yeye lilimpendeza. Mimi lilikuwa linanichoma, ila nacheka nao. Mwanaume ukinuna kwa jina la mbwa ndio umewapa sababu ya kuendelea.

Twende.

Janeth alimpeleka Karanga kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Daktari wa mifugo akamshikashika, akasema huyu nyonga zake ni nyembamba mno. Akipandwa na dume kubwa kuzaa kutamshinda, na madume ya mtaani kwetu mnayajua. Akashauri atolewe kizazi mapema. Janeth akarudi ameshaamua, na siku ya opereshani ameshapangiwa. Mimi nikasema sawa.

Kipindi hicho mama yangu alikuwa kwetu, amekuja kutibiwa macho, na mzigo wake wa samaki wakavu wa bwawani. Tukiwa mezani Janeth akataja habari ya Karanga. Mama akaacha kula.

"Nyumba haina mtoto, na mbwa naye mnamtoa kizazi? Nyumba gani hii mnaijenga?"

Hakusema kwa ubaya. Mama ni mtu wa kijijini, kwake kila kilichopo zizini kinazaa, na kisichozaa kinauzwa. Lakini wakati anasema alikuwa anamwangalia Janeth, sio mimi.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanzia. Janeth alishapima. Alienda hospitali peke yake, wakampima vyote, wakamwambia wewe huna tatizo, sasa mwambie mumeo aje. Nikamwambia nitaenda. Kila akinikumbusha nina kikao, nina safari, nina mafua. Mafua wakuu, eti yanazuia mtu kupima.

Mama hayo hakuyajua. Nilichotakiwa pale mezani ni kufungua mdomo tu. Nikaendelea kutoa miiba kwenye samaki.

Janeth akakusanya vyombo akaenda jikoni.

Mama alipoondoka, siku moja niko na washkaji tunakula kitimoto, mmoja wao akaniuliza kwa sauti: eti Baba Karanga, kwako ni marufuku kuzaa mpaka mbwa? Sijui habari ilimfikiaje. Walicheka mpaka mpishi akageuka. Nikacheka nao, nikarudi nyumbani nimevimba kama andazi.

Siku ya opereshani ilipokaribia Janeth akapangiwa kazi Singida. Akaniachia Karanga, akanisisitiza nisimpe chakula asubuhi yake, nimpeleke mapema. Siku mbili tatu kabla nikaona matone ya damu kwenye zulia. Karanga ameingia joto.

Mwenye akili angempigia daktari amuulize. Mimi nikampigia mfanyakazi mwenzangu anayekaa Nkuhungu, ana dume la manyoya. Nilipofika nikaona dume lenyewe ni karibu mara mbili ya Karanga. Nikajiambia madaktari wanatisha watu bure. Mimi nimekua naona mbwa wanazaa vichakani bila daktari wala nesi, huyu ana nini cha ajabu?

Nikamwacha kule mpaka Janeth alipokaribia kurudi.

Janeth akapiga simu kuuliza opereshani imeendaje. Nikamwambia daktari ameahirisha mpaka joto lipite.

Najua mtauliza kwa nini. Nilitaka kitu kizae kwenye nyumba yangu. Ndio hivyo tu, hakuna sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Tumbo lilipoanza kuonekana Janeth alishtuka. Akawaza kuna dume liliruka uzio wakati yeye hayupo, akaanza kujilaumu. Angeomba mtu mwingine aende Singida. Angerekebisha uzio kabla hajasafiri. Jumamosi akanunua waya, akavaa gambuti, akaanza kuziba matundu yote ya uzio mwenyewe huku anajisema.

Wakuu, mimi nilimshikia ule waya. Nilisimama pale juani nimeshika waya, yeye anafunga, ananiomba msamaha kwamba hakuwa makini na mbwa. Nikamwambia usijali, yanatokea, na daktari nimeshampigia, amesema tumwache azae.

Mama alipopewa habari kwenye simu alipiga vigelegele. Janeth alikuwa pembeni, alivisikia.

Karanga alianza uchungu Jumapili asubuhi tukijiandaa kwenda kanisani. Alihangaika, anachimba kona ya sebule kwa kucha, anasukuma, hakuna kinachotoka. Baadaye akaacha hata kulia, akawa anahema tu na kunitazama. Janeth akavua kitenge chake cha kanisani, akamfunga nacho, tukakimbia kwa daktari.

Daktari alipomgusa tumbo alikunja uso. Akasema anaingia naye ndani sasa hivi, na kuhusu watoto hawezi kutuahidi kitu. Kisha akamgeukia Janeth, wala hakuwa na nia mbaya, akasema:

"Mama, si nilisema aje mapema? Siku ile tuliwasubiri, hamkutokea."

Janeth alinigeukia taratibu. Sikuwa na pa kuweka macho. Nikaangalia viatu vyangu, nimevipiga kiwi kwa ajili ya kanisa.

Alikaa kwenye benchi, mimi nikakaa upande wa pili, na pale katikati wangetosha watu wengine wawili.

Watoto wote walikufa. Walikuwa wakubwa mno, kichwa cha wa kwanza kilikuwa kimekwama. Karanga akapona, ila kizazi kilikuwa kimechanika, ikabidi kitolewe. Kwa hiyo kile kile nilichokikimbia kilifanyika, tena juu ya maumivu na vifo.

Nyumbani Janeth alimlaza kwenye kile kitenge chenye damu, akakaa sakafuni karibu naye. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane.

Akasema tu, bila kuinua kichwa:

"Karanga hukumuuliza, ukampeleka. Wewe nimekuomba kwa mdomo wangu, hujaenda."

Nimeolewa... samahani, nimeoa, hata kuandika mkono unakosea. Nimeoa mwanamke ambaye kwa miaka yote hii aliacha watu wamwone yeye ndiye mgumba ili mimi nisiaibike. Nami nikatafuta mbwa wa kunisafisha jina.

Jioni ile mama alipiga, anataka kujua Karanga amezaa wangapi. Janeth akaangalia simu inavyoita, akanisogezea.

Nikamwambia mama watoto wamekufa. Kabla hajaanza pole nikasema, "Mama, Janeth alishapima, ni mzima. Ambaye hajapima ni mimi."

Mama akaniambia nimpe Janeth aongee naye. Walichoongea sikukisikia, Janeth alitoka nayo nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akapitiliza chumbani.

Nilishaenda kupima, nasubiri majibu. Nilipotoka nilimwambia, akasema "sawa". Anapika, tunakula, tunaulizana maji yametoka au hayajatoka. Zaidi ya hapo hakuna. Mtaani bado wanamwita Mama Karanga na bado anaitika.

Kwa wenye mbwa wadogo: daktari akisema huyu asizae, mtoe kizazi ukanywe chai. Mbwa hana habari na ukoo wako wala washkaji zako wa kitimoto. Kwa wanaume wenzangu ambao mke ameshapima na wewe bado una mafua, mafua hayo yatakuja kuua kitu.

Naomba ushauri, hasa kina dada humu: mtu kama mimi anaanzia wapi kuomba msamaha? Maneno nimeshayasema, na yeye ameshayasikia.

Maana kwa sasa nikitoka kazini anayenipokea getini ni mmoja tu. Bado ana mshono tumboni, hawezi kukimbia, lakini akisikia sauti ya pikipiki yangu anajikongoja mpaka pale, mkia unacheza kama zamani.

Nikimwona vile natamani nirudi nilikotoka.