Kibandiko Mgongoni mwa Ergash

Mume wangu alikwenda hamamu, bafu la mvuke la mtaa, Alhamisi moja akiwa fundi milango wa kawaida, akarudi nyumbani shujaa wa mtaa mzima.

Sababu ni dawa yangu ya kike iliyokuwa imemganda mgongoni.

Msicheke kwanza. Ngojeni niwapangie vizuri, maana mimi mwenyewe mwanzoni nilicheka, baadaye nikalia, na mkono huu una kovu mpaka leo.

Naitwa Hosiyat. Naoka mikate ya tanuri hapa Kokand, Uzbekistan, na nusu ya mtaa wetu inakula kwangu. Mume wangu ni Ergash. Ni mtu mzuri, ila tangu tuoane sijawahi kumsikia akisema "sijui." Muulize habari za ndege, za kisukari, za huko mwezini, jibu analo.

Sasa, mimi nilifanyiwa upasuaji. Uvimbe ulikuwa umeshika pabaya, wakatoa kizazi pamoja na ovari zote mbili. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Nikarudi nyumbani mwili umezeeka ghafla, hata haukunipa nafasi ya kuaga ujana.

Joto lilikuwa linanipanda kutoka kifuani mpaka utosini. Mimi naishi na tanuri, joto la moto nalijua. Hili lilikuwa linatoka ndani. Silali, shuka zinalowa, viungo vinauma, moyo unadunda ovyo. Na hasira, jamani. Hasira ya kumpiga mtu na mkate wa moto.

Daktari akaniambia ovari ndizo zilizokuwa zinanitengenezea estrojeni, homoni ya kike, na kwa umri wangu siwezi kuachwa hivi hivi, mifupa itachakaa kabla ya wakati. Akaniandikia vibandiko. Ni kama plasta nyembamba. Unabandika chini ya kiuno, dawa inapenya taratibu kwenye ngozi, baada ya siku chache unaweka kingine.

Nikamweleza Ergash. Ergash akaenda kuwauliza wenzake kwenye gap.

Gap ni kile kikao chao cha wanaume. Leo wanakula pilau kwa huyu, safari nyingine kwa yule, wanakunywa chai ya kijani na kutatua matatizo ya dunia. Siku hiyo tatizo la dunia lilikuwa mimi.

Tohir fundi cherehani akasema dawa hizo zinamrudisha mwanamke usichana, ataanza kushinda dirishani. Mwingine akasema hayo ni mambo ya wanawake wa Moscow. Wakala, wakashiba, wakanihukumu.

"Mama Dilmurod," Ergash akaniambia aliporudi, "humu ndani hazibandikwi hizo. Mama yangu alizeeka bila plasta."

Mama yake alizeeka akiwarushia watu viatu, lakini hilo sikulisema.

Nikabandika kwa siri. Kwetu hatulali taa ikiwaka, hivyo haikuwa kazi. Baada ya muda nikaanza kupata usingizi, nikaanza tena kuimba mbele ya tanuri. Ergash akawa anajisifu kwa majirani: mnaona, alipomsikiliza mumewe amepona.

Mimi nikabandika kingine.

Ndipo ikaja ile Alhamisi. Kibandiko kilinibanduka tukiwa usingizini, kikahamia kwake, na mimi asubuhi nilidhani kimepotelea kwenye magodoro. Kumbe kimekwenda hamamu. Jamaa wa kukanda migongo akakikuta chini ya bega, akakiinua juu watu wote wakione.

"Ergash, hiki nini?"

Mtu mwingine angesema sijui. Wangu mimi akajifunga shuka vizuri, akasema ni dawa ya nguvu za kiume, ametumiwa na mwanetu Dilmurod aliye Korea.

Wanaume walimzunguka hadi mvuke ukakosa pa kupita. Mzee Kahhor naye alisogea, yule mwenye masharubu mazito, aliyekuwa refa wa mieleka wa mkoa. Huyo akakitazama kibandiko, akamtazama Ergash usoni muda mrefu, kisha akarudi kukaa pembeni. Ergash akadhani mzee ameona wivu.

Alipofika nyumbani alinivutia jikoni.

"Mama Dilmurod, nimekutwa na kitu hiki mgongoni. Ni nini?"

Nikisema kweli, dawa yangu inaishia jalalani. Nikaona bora uongo mmoja uokoe watu wawili.

"Ni mimi nimekubandika," nikasema. "Naona kazi imekuchosha siku hizi. Ni ya nguvu."

Alinitazama, akavuta kifua mbele. "Nilijua," akasema.

Wallahi hivyo hivyo. Nilijua.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Wapi. Alitaka kingine, nikampa kimoja nikitumaini atasahau. Akataka boksi. Akampelekea Tohir jina la dawa, Tohir akampa jirani yake, na mwisho wa mwezi duka la dawa la Zulhumor lilikuwa na foleni ya wanaume wazima waliokunja vikaratasi mfukoni.

Zulhumor, masikini, alinishika mkono siku moja machozi yanamlenga. Alisema miaka yote amekuwa akiwahubiria waume wa mji huu wawaonee huruma wake zao, na sasa Mungu amemsikia. Kila anayekuja anamwambia ni ya mke. Mimi ningemwambia nini? Nikampongeza.

Na matokeo? Kila mwanaume aliapa anajisikia simba. Tohir alisema anaweza kubeba cherehani kwa meno. Wake zao waliokuja kununua mikate walinipa habari tofauti. Simba walikuwa wanasinzia kabla chai haijapoa. Shughuli ya chumbani ilikuwa imefungwa kama ofisi siku ya sikukuu. Tohir alikwenda kwenye arusi ya mpwa wake akalia kuliko bibi arusi, na mkewe aliniambia kwa siri kwamba hataki tena shati la kubana, eti chuchu zinamuuma.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Halafu dawa zikaisha dukani.

Zulhumor aliagiza, akaambiwa asubiri. Akaagiza kwingine, akaambiwa vile vile. Kimoja changu cha mwisho nilikivaa mpaka kikawa hakishiki tena, na baada ya hapo yale yote yakarudi. Mara hii nilikuwa nimeshaonja uzima, kwa hiyo yaliniuma mara mbili. Nilikuwa nalia nikikanda unga. Niliogopa. Niliogopa kwamba ndiyo maisha yangu yaliyobaki.

Asubuhi moja nimeinama ndani ya tanuri kubandika mkate kwenye ukuta wake wa ndani, joto la ndani likapanda likakutana na la nje. Nikaona giza. Mkono ukagusa udongo wa moto, ngozi ikabaki pale.

Ergash alinifunga kitambaa. Nilimwona ameogopa kweli, nikasema hapa hapa.

"Baba Dilmurod, una vibandiko bado?"

"Ninavyo. Niliweka akiba."

"Nipe kimoja. Huenda kikanipa nguvu."

Akanihurumia, kama unavyomhurumia mtoto anayeomba kuendesha gari.

"Mke wangu, hii ni ya wanaume. Itakuotesha ndevu."

Hapo sikucheka. Nilimtazama huyo mtu amekaa mbele yangu, dawa yangu iko kiunoni mwake, na ananionea huruma. Siku ile ndiyo nilikuwa tayari kumwambia kweli na liwe liwalo, ila Jumapili ilikuwa zamu yetu ya gap. Nikasema wale kwanza, wageni hawana kosa. Ingawa hawa wangu walikuwa nalo.

Pilau alipika Ergash mwenyewe, kama ada. Mimi nilikuwa kwenye korido, nyuma ya pazia, na mabirika. Wanawake hatuingii mle, tunapitisha vitu.

Mzee Kahhor alichelewa. Alipopita mbele yangu nilishtuka. Alikuwa amekonda, jasho linamtiririka na kulikuwa na baridi. Alikataa chakula. Alimwomba Ergash watoke nje wakaongee, lakini Ergash, mbele ya watu wake, akasema hapa hakuna siri, sema tu kaka.

"Haya," akasema Kahhor. "Na wewe uliambiwa lini?"

"Niliambiwa nini?"

"Kuhusu tezi dume. Saratani."

Nilisikia kijiko kinatua kwenye sahani.

"Kaka Kahhor, mimi sina saratani," Ergash akasema. "Mimi ni mzima kabisa."

"Basi kwa nini unabandika estrojeni?"

Sidhani kama kuna mmoja wao aliyekuwa analijua neno hilo.

Mzee akafungua mkanda wa joho lake, akashusha nguo kidogo ubavuni. Palikuwa na alama za gundi, za mraba, hazina kitu.

"Mwaka mzima nilikuwa nabandika hapa," akasema. "Daktari wa Tashkent alinieleza kwamba ugonjwa wangu unakula homoni ya kiume, na hii ya kike inaufungia chakula. Matiti yananiuma, ndiyo, lakini nimeishi. Nilipoiona kwako hamamu nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisema kumbe tuko wawili. Sasa dukani hazipo, Tashkent wananiambia ningoje. Nimekuja kukuomba chache."

Akawatazama mmoja mmoja. Tohir alikuwa ameshika kifua chake na kitambaa cha chakula.

"Homoni ya kike?" Tohir akauliza kwa sauti ndogo.

"Ya kike. Wanapewa wanawake waliotolewa ovari, waliokoma hedhi. Ninyi mnaumwa nini?"

Hapo miguu yangu ikaamua yenyewe. Nilivuta pazia nikaingia na birika mkononi, nikasimama kati ya wanaume wanane waliokuwa wameacha kutafuna.

"Hawaumwi kitu," nikasema. "Anayeumwa ni mimi. Kile cha hamamu kilikuwa changu, kilinitoka kikamganda huyu. Nilidanganya kwa sababu mlinikataza kwenye pilau kama hii. Haya, mmezimaliza dukani ninyi wazima, kaka Kahhor hana na mimi sina. Mkono wangu huu hapa."

Nikauonyesha.

Ergash alibadilika rangi. Nilingoja ajibu, maana hajawahi kukosa jibu.

"Sijui niseme nini," akasema.

Mara ya kwanza kwenye ndoa yetu. Nilitamani kumkumbatia mbele za watu.

Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na akiba yake yote, akaiweka mbele ya mzee. Halafu akageuka ukutani, akakwaruza kiunoni, akabandua kile alichokuwa amevaa. Mmoja mmoja wakatoka kwenda makwao, wakarudi na maboksi chini ya majoho. Tohir alikuwa na mengi kuliko wote.

Mzee Kahhor aliyapanga, akagawanya sehemu mbili, moja akaisukuma upande wangu. Nilimwambia yeye anahitaji zaidi. Akasema, "Chukua, shemeji. Mimi nilikuwepo siku wanakuhukumu, nikanyamaza nikiwa nimebandika."

Nililia pale pale, na birika langu.

Msidhani wanaume wetu walikubali wameaibika. Wiki ile ile kule hamamu ilitoka taarifa rasmi: ile dawa ya Korea ni kali mno, wao wameijaribu kwa kujitolea ili kuhakikisha usalama, na sasa wameridhia wanawake waitumie. Ergash aliitangaza yeye mwenyewe, na nasikia alitoa na maelezo ya kitaalamu.

Nikamwacha. Mimi nalala usiku.

Mzigo ulipokuja dukani tulipanga foleni asubuhi, wanawake watupu, na mzee Kahhor katikati yetu na masharubu yake. Tulimpisha mbele, akakataa, akasema atangoja zamu. Akaniinamia akaniuliza, tena kwa sauti ya refa, mtaa mzima unasikia:

"Shemeji, wewe unabandika wapi kisibanduke?"

Nikamwambia. Mama mmoja nyuma akasema yeye hukausha ngozi kwanza na hapaki mafuta. Mwingine akasema kiganja kikae juu yake mpaka kishike joto. Mzee alisikiliza yote, akashukuru, akalipa, akaondoka akitembea polepole.

Funzo langu ni dogo. Dawa usiyojua kazi yake usiibandike, hata uione mgongoni mwa nani. Na mkeo akikwambia anaumwa, mpeleke hospitali. Usimpeleke kwenye pilau.